Sanduku Moja la Posta

Muuguzi wa zahanati alinipigia simu saa moja na nusu asubuhi, na kwa jinsi alivyoirefusha salamu nilijua kuna jambo. Sisi tunaotengeneza tovuti za watu tunazijua salamu hizo. Mteja akikuulizia watoto, akaulizia mvua, akaulizia na ile pikipiki uliyomtajia mwaka jana kuwa imekufa injini, ujue anatafuta pa kuanzia. "Sasa kaka," akasema hatimaye, "kuna mama mjamzito hapa, anasema aliingia kwenye tovuti yetu kuangalia siku za kliniki akakuta bei ya mfuko wa saruji. Nikamwambia labda umekosea, mama. Nimeingia mwenyewe sasa hivi. Na mimi nimekuta saruji."

Nilicheka. Ningeweza kuliruka hilo, lakini katika mambo yote ya siku ile ndilo ninalolikumbuka zaidi. Nilicheka, nikamwambia afute akiba ya kivinjari, azime data kisha aiwashe, na ikigoma ajaribu simu nyingine, maana simu hizi zina mambo yake. Niliyasema kwa upole, kwa ile sauti ya mtu anayejua. Kisha nikarudi kwenye chai yangu. Tovuti yenyewe sikuifungua hata kuitupia jicho.

Tovuti ya zahanati ilikuwa mojawapo ya kumi na moja nilizozilaza kwenye seva moja ya kukodi iliyoko Frankfurt, Ujerumani, mashine ambayo sijawahi kuiona wala sitarajii kuiona. Sababu ni fedha, sina nyingine. Wateja wangu ni duka la vifaa vya ujenzi, zahanati, shule, gesti, kwaya, watu wa aina hiyo; hakuna hata mmoja ambaye angeweza kulipia seva ya peke yake, nami nisingeweza kumlipia. Nilipowaeleza mpango huo nilitumia mfano wa nyumba ya kupanga: kila mpangaji na chumba chake, kila chumba na kufuli lake. Waliupenda. Nami kwa kuurudia mara nyingi nikaja kuuamini. Nilisahau, kama madalali wanavyosahau, kutaja kwamba choo ni kimoja, bomba ni moja, na mita ya LUKU ni moja.

Mfano uliokuwa karibu zaidi na ukweli nilikuwa nao tangu utotoni, ila haukuwahi kunijia. Kijijini kwetu, chini ya milima ya Nguru, hapakuwa na mwenye sanduku la posta isipokuwa shule ya msingi. Barua za kijiji kizima zilikuja kwa S.L.P. ya shule, na chini ya jina la mwenyewe kuliandikwa "kwa kupitia Mwalimu Mkuu". Ijumaa mchana, kabla hatujatawanyika, mwalimu alisimama mbele ya mistari yetu akasoma majina, na mtoto wa nyumba iliyotajwa akachomoka mbio kuipokea. Sanduku halikujua lolote. Kilichozitenganisha barua za mzee wa msikiti na za mama muuza vitumbua ni jina tu, lililoandikwa juu ya bahasha kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa mbali.

Hivyo ndivyo seva yenye vikoa vingi inavyofanya kazi. Mwanzoni kila tovuti ilihitaji anwani yake ya namba, yaani sanduku lake, na anwani za mtindo ule wa zamani hazifiki hata bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Mwaka 1997 kanuni mpya za HTTP zikakilazimisha kivinjari, kila kinapobisha hodi, kitaje na jina la kikoa kinachokitafuta. Ni mstari mmoja mfupi, lakini kwa mstari huo sanduku moja likaweza kupokea barua za vikoa mia, na programu ya seva, iwe Apache au nginx, ikasimama kama mwalimu yule ikisoma jina na kuita. Jina lisipotambulika kabisa, na kama hukuelekeza vingine, barua hupewa aliye wa kwanza kwenye orodha. Hata hilo tulikuwa nalo: bahasha isiyo na mwenyewe alikabidhiwa kiranja mkuu.

Nisichokitilia maanani ni kwamba jina huulizwa mlangoni. Huko ndani, kila programu inajitegemea kwa akili zake. Inafanya kazi kwa kuweka vitu vidogo vidogo na kuvipa majina: tovuti inaitwaje, nani ameingia, ukurasa namba fulani unasemaje. Vitabu huviita vigeu. Vingi hufa ombi likishajibiwa, na hivyo havina ugomvi. Vichache huachwa vikae ili mgeni wa pili asisubiri kama alivyosubiri wa kwanza, na hivyo ndivyo nilivyopaswa kuviuliza mnalala wapi, na nani mwingine analala hapo. Mimi niliviweka kwenye Redis, ghala linaloishi ndani ya kumbukumbu ya mashine na kujibu upesi kuliko hifadhidata. Redis ni kama kamusi: unatoa neno, unapewa maana yake. Haikuulizi umetoka nyumba gani. Ukiomba ukurasa 14 utapewa ukurasa 14, ule uliowekwa na yeyote aliyetangulia.

Zahanati na duka la vifaa vya ujenzi zote zilitumia WordPress, na zote nilizijenga juu ya kiolezo changu kimoja, kwa hiyo hesabu ya kurasa zao ilifanana. Ukurasa 14 wa zahanati ulikuwa siku za kliniki. Ukurasa 14 wa duka ulikuwa bei ya saruji, nondo na mabati.

Leo nayapanga haya kwa utulivu. Siku ile sikuwa na utulivu wowote. Saa nne muuguzi alipiga tena, na safari hii salamu zilikuwa fupi. Aliniambia kwamba alipoona nimekaa kimya ameingia kwenye mipangilio kwa nywila niliyompa, akakuta juu kabisa pameandikwa jina la duka, akalifuta, akaandika jina la zahanati, akahifadhi. Ukurasa ukafunguka upya na jina la duka. Akarudia. Mara tatu. "Kaka, hiki kitu kinanikatalia jina letu."

Ndipo nilipoifungua. Nikakuta saruji.

Nikafanya ninachokifanya kila nikiogopa, yaani kufagia. Redis ina amri ya FLUSHALL inayomwaga kila kitu bila kukuuliza mara mbili. Nikamwaga. Nikafungua tovuti ya zahanati, ikaja safi, na ratiba ya chanjo, na picha ya jengo. Nikampigia muuguzi, "Tayari dada." Haikupita robo saa akapiga mwenye duka, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi. "Mwanangu, kuna fundi hapa ananionyesha simu yake. Eti dukani kwangu tunachanja watoto?" Nikafagia tena, na kwa kuwa sasa mlalamikaji ni yeye, nikaanza kufungua ya duka. Ikaja safi. Nikafungua ya zahanati. Saruji.

Nilizunguka hivyo mpaka adhuhuri ndipo nikaona kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikichagua nani aharibikiwe. Tovuti iliyofunguliwa kwanza baada ya kufagia ndiyo iliyolijaza ghala, na mwenzake akala alichokikuta. Nikaona pia, kwa aibu, kwamba ghala hilo hilo lilishika kumbukumbu za walioingia kwenye mfumo wa gesti. Kila nilipofagia nilimtoa nje mhudumu wa mapokezi aliyekuwa akiandikisha wageni. Hakuwahi kuniuliza. Nadhani alidhani ni mtandao.

Kuhusu jina lililomgomea muuguzi, nilikuja kulielewa siku kadhaa baadaye, na limenikaa. Hifadhidata za tovuti hizi mbili zilikuwa tofauti; hilo nililifanya vizuri, na ndilo lililonipa kiburi. Ndani ya hifadhidata ya zahanati jina sahihi lilikuwapo muda wote. Alipoandika jina lile, WordPress ililinganisha na akiba, ikaona tofauti, ikapeleka mabadiliko kwenye hifadhidata. Hifadhidata ikajibu, kwa haki kabisa, kwamba hakuna kilichobadilika, maana jina hilo tayari ninalo. Basi WordPress nayo haikuona sababu ya kuigusa akiba. Mama wa watu aliandika ukweli mara tatu na mara tatu akarudishiwa uongo, na hakuna sehemu hata moja ya ule mtambo iliyokuwa imeharibika.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Kiunganishi cha Redis kinampa kila mwenye tovuti nafasi ya kuweka neno lake mbele ya majina yote yanayoingia ghalani, na neno hilo huandikwa kwenye faili la wp-config.php, mstari wa WP_CACHE_KEY_SALT. Mstari huo niliujua. Niliuandika mwenyewe kwenye tovuti ya duka, kwa uangalifu, nikajipongeza. Kisha ilipofika zamu ya zahanati nikanakili faili zima la duka na kubadilisha jina la hifadhidata, mtumiaji, nywila, na anwani za tovuti. Ule mstari nikaupita. Ningekuwa sikuweka kinga kabisa labda ningeshtuka mapema. Lakini kila nilipojiuliza kama kinga ipo, nilijijibu kwa haki kwamba ipo.

Darasani kwetu kulikuwa na wasichana wawili wa jina moja, na ikatokea kuwa hata majina ya baba zao yalifanana. Kijiji kiliwatofautisha kwa nyongeza: mmoja wa Juu, mmoja wa Bondeni. Hakuna aliyewachanganya. Ijumaa moja barua ikasomwa, jina na jina la baba, na wa Bondeni akachomoka kwa sababu alikuwa na mbio kuliko mwenzake. Ilitoka kwa mjomba wa Dar es Salaam, ikisema njoo likizo, nauli nimempa kondakta wa basi. Kwa siku mbili msichana yule alikuwa mtu mwingine. Alifua nguo zake zote. Alinionyesha begi. Kisha ikajulikana kwamba mjomba wa Dar es Salaam ni wa yule wa Juu.

Watu walimlaumu kwa kufungua barua isiyo yake. Nami nilimlaumu, nikiwa na miaka kumi au kumi na moja, kwa ukali wa mtoto aliyeona wakubwa wamekubaliana. Lakini bahasha ilikuwa na jina lake. Aliyeiandika alikaa mbali, hakujua kuna Juu wala Bondeni. Kwake yeye jina lilijitosheleza. Sijui kwa nini ilinichukua miaka zaidi ya thelathini, na mfuko wa saruji, kuliona hilo.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipenda kutuuliza mzizi wa neno. Mti, kiti: ondoa kiambishi awali, unabaki na nini? Tunabaki na -ti, mwalimu. Na hiyo -ti ni ya kukalia au ya kupandwa? Darasa likanyamaza. Nilikuwa mzuri wa somo lile, naona haya kusema, na nimelitumia kufundishia vijana wawili ninaofanya nao kazi: jina lolote mnalolipeleka mahali penye wengi lipelekeni na kiambishi chake. Wanaelewa haraka. Nami nilielewa haraka. Kuelewa hakujawahi kuwa shida yangu. Shida yangu ni kunakili.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, nililisoma faili lile lote, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma mkataba baada ya kudhulumiwa. Ndipo nikakuta jingine. WordPress ina mistari minane ya funguo za siri zinazotia muhuri vidakuzi vya wanaoingia. Nayo niliinakili. Duka na zahanati walikuwa wanatumia muhuri mmoja. Hakuna aliyeingia mlango usio wake, kwa kadiri ninavyojua, na maneno hayo "kwa kadiri ninavyojua" yaliniweka macho usiku.

Baada ya hapo nikageuka mjenzi wa kuta. Kila tovuti nikaipa mtumiaji wake kwenye mfumo, kikundi chake cha michakato ya PHP, funguo zake, kiambishi chake. Redis huja na vyumba 16, kuanzia 0 hadi 15, nikagawa na hivyo. Nikajisikia safi. Kisha nikajifunza kwamba vikundi vya PHP vilivyozaliwa na mchakato mzazi mmoja bado hugawana akiba ya kumbukumbu iitwayo APCu, kwa hiyo kuna ukuta niliodhani nimeujenga na sikuujenga. Na kuta nazo zinakula. Seva yangu ina kumbukumbu ya GB 4. Usiku mmoja michakato yote niliyoitenga iliamka kwa pamoja, kumbukumbu ikaisha, na mfumo ukachagua kuua hifadhidata, ambayo ilikuwa ya wote. Tovuti kumi na moja zikalala kwa mpigo kwa sababu nilizitenganisha sana. Nikabomoa baadhi ya kuta. Sijui kama nimebomoa zile zinazostahili. Mara nyingine naona afadhali kugawana ghala moja na kuandika majina vizuri, na siku nyingine, hasa nikiwa nimechoka, sijiamini kuandika jina lolote vizuri na ninatamani kila mmoja awe na mashine yake.

Katika kukagua huko nilifika kwenye folda ambayo PHP hutunza mafaili ya walioingia, faili moja kwa kila mtu, na hapo nikakaa chini.

Miaka mitatu kabla, mwalimu mmoja wa sekondari alinilalamikia kuwa mfumo wa matokeo unamtoa nje. Anajaza alama za darasa zima, wanafunzi zaidi ya sitini, anabonyeza hifadhi, anaambiwa aingie upya, na alama zimepotea. Niliangalia mipangilio yangu: nilimpa sekunde 7,200, saa mbili nzima. Nikamwambia, "Mwalimu, huo ni mtandao wenu." Alikubali. Kwa nini asikubali? Mimi ndiye mwenye kujua. Shule ikabadilisha hata modemu.

Sasa naiona folda ile. Tovuti zangu kadhaa zilihifadhi humo. Tovuti ya shule ilitoa saa mbili, lakini nyingine nilikuwa sijazigusa, na kawaida ya PHP ni sekunde 1,440, yaani dakika 24. Kila tovuti hutuma mfagiaji wake mara mojamoja, kwa bahati nasibu, na mfagiaji huyo hapewi majina. Anaangalia tu faili lipi halijaguswa kwa muda wa bwana wake, analifuta. Mwalimu anayeandika alama za watoto sitini haigusi seva hata mara moja mpaka abonyeze hifadhi. Dakika ya 25, mfagiaji wa tovuti nyingine akipita, mwalimu hayupo tena.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Nilijiambia limepita, mfumo ule sasa una folda yake, hakuna faida ya kufukua. Halafu nilijiambia kwamba hizo ndizo sababu za mtu anayeogopa simu. Nikapiga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ni nani mwenzangu?"

Nikajitaja, nikamwulizia watoto, nikamwulizia mvua. Nilijisikia nikiirefusha salamu. Kisha nikamweleza, bila folda wala sekunde, kwamba zile alama zilipotea kwa sababu yangu. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo haukuwa mtandao?"

"Haukuwa mtandao, mwalimu."

"Ahaa." Nikasikia anavuta kiti. Akaniambia kwamba tangu wakati ule huwa anaandika alama kwenye karatasi kwanza, halafu anaingiza wanafunzi kumi, anahifadhi, anaingiza kumi wengine. Amewafundisha na wenzake. Ofisi nzima ya walimu inafanya hivyo, kumi kumi. "Kwa hiyo sasa naweza kujaza darasa zima kwa mara moja?"

"Nadhani unaweza."

"Unadhani?"

Nikamwambia nitakuja Jumatatu, nikae pembeni yake wakati anajaza.